Dakika ya Tisa: Rekodi za Masomo na Ugonjwa wa Kuandikisha Notsi

Rekodi yangu ya kwanza ya somo ilikuwa ya mvua. Niliweka simu juu ya meza mbele ya wanachuo wa ualimu 60 na ushee, nikafundisha jiografia dakika 80 kuhusu pepo za monsuni. Jioni, nyumbani Chuno, hapa Mtwara, nilipoisikiliza nikakuta mabati yamefundisha kunishinda. Mimi nilisikika kwa mbali kama mtu anayeita pantoni kutoka ng'ambo ya Msangamkuu, na kikohozi cha kijana wa dawati la mbele kilitoka safi kama redio. Ilikuwa Februari. Mtu yeyote wa Mtwara angeniambia nisubiri masika yapite.

Nimelianza na hilo kwa sababu hoja ya kurekodi masomo, kila inapoingia kwenye vikao vya vyuo vyetu, huingilia mlango wa kamera. Atatajwa fundi wa kutoka Dar es Salaam, zitapigwa hesabu za kamera mbili na skrini, kisha kikao kitaahirishwa kusubiri bajeti. Swali la awali haliulizwi: wanachuo wakishakuwa na rekodi mkononi, kile kipindi cha darasani kitabaki na kazi gani? Mimi naona hapo ndipo pa kuamulia kama hela imetumika au imepamba ukumbi tu. Huku kwetu rekodi ina kazi moja kubwa, nayo ni kuua tabia ya kuandikisha. Ikishindwa kuiua, mvua ya Februari ina maana zaidi.

Aliyesoma Tanzania hahitaji kuelezwa kuandikisha ni nini. Mwalimu anaingia na daftari lake, anasoma, darasa linaandika. Anataja nukta, anataja aya mpya, anarudia sentensi mara mbili kwa ajili ya waliochelewa, kengele inalia, anaondoka. Kama hapendi kusoma, huujaza ubao tangu kona moja hadi nyingine, au humwachia kiongozi wa darasa kazi hiyo. Vyuoni mambo yamebadilika sura tu: desa, yaani notsi za mwalimu zilizochapwa, linaachwa steshenari, watu wanatoa kopi, halafu mwalimu anakuja kulisoma desa lilelile mbele yao. Sisemi haya kwa kuwacheka wenzangu. Kuandikisha kulizaliwa kwenye upungufu wa vitabu, na kwa mtoto ambaye hakuwa na kitabu, daftari lake ndilo lililokuwa kitabu. Ilikuwa njia ya busara. Balaa ni kwamba njia imeendelea kuishi baada ya kila mtu kuwa na simu mfukoni, na walimu tunaowatoa vyuoni wanaipeleka Tandahimba, Newala na Liwale kana kwamba ndiyo maana ya kufundisha.

Tena kuna lugha. Mwanafunzi wetu amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza mlangoni. Miaka inapita, anafika chuoni kwa stashahada, na bado kipindi kinamtaka afanye kazi tatu kwa mkupuo: asikie Kiingereza, akielewe, aandike. Kwenye kazi tatu moja lazima idondoke, na inayodondoka ni ile isiyoonekana. Wino unaonekana daftarini, mkaguzi anauona, mzazi anauona. Kuelewa hakuna anayekukagua hadi siku ya mtihani. Basi mwanachuo anaandika kwa bidii, mwandiko mzuri, akipanga moyoni kwamba ataelewa baadaye kwenye kimbweta, ile meza ya nje ya kujisomea. Akifika kimbweta anakuta sentensi alizozinukuu zimekatika katikati, na jirani yake naye amezikata palepale.

Hapo ndipo rekodi inapoingia na faida ambayo hakuna kitu kingine cha bei ile kinaitoa: inasimama ukiiambia isimame. Mwalimu hasimamishwi. Kijana wa Kimakonde au Kimwera aliyelelewa kuheshimu wakubwa hatanyoosha mkono mara nne kusema "sijaelewa, rudia", hata umsihi. Simu ataibonyeza mara 10 bila aibu.

Baada ya aibu ya mvua nilinunua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola ya shati, kwa hela isiyofika ya kuku wawili wa kienyeji. Fizikia yake ni nyepesi: ukiongeza umbali kati ya mdomo na kipaza sauti mara mbili, nguvu ya sauti inayokifikia hushuka hadi robo. Simu iliyoachwa mita 2 kutoka kwangu ilikuwa inapokea mabaki. Kipaza sauti kilicho shibiri moja chini ya kidevu kinakupokea wewe, na mabati yanabaki nyuma kama muziki wa jirani. Nikaacha pia kurekodi darasani. Nilijifungia chumbani alfajiri kabla ya bodaboda hazijaanza, nikaeleza jambo moja tu kwa dakika 7 au 8, nikapiga picha mchoro wa ubaoni, nikavirusha vyote viwili kwenye kundi la darasa. Niliwaomba kitu kimoja: ukirudia sehemu yoyote, hata ya ile ndefu ya mvua, andika ni dakika ya ngapi.

Orodha zao zilinifundisha kuliko semina nilizohudhuria. Karibu wote walikuwa wamerudia sehemu moja, ile ninapoeleza kwamba upepo unaosafiri kusini mwa ikweta hupinda kushoto kwa sababu ya dunia kuzunguka, na ukivuka ikweta hugeuka kupinda kulia. Ndiyo maana kusi yetu inayotoka kusini-mashariki huingia Bara Hindi ikiwa inatoka kusini-magharibi. Miaka yote nilikuwa nalipitia jambo hilo kwa sekunde 40, nikiamini limeingia. Binti mmoja aliandika kwamba hakuwa na shida na upepo. Shida yake ilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, kinachomaanisha kupinda, ambacho mimi nilikitamka mara 5 bila kukieleza hata mara moja.

Ufupi wa rekodi sikuubuni mimi. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo kwenye edX, mtandao ulioanzishwa na Harvard na MIT, wakakuta kwamba hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati wa watu kuitazama hauvuki dakika 6. Ni kweli waliotazama kule walikuwa wanasoma bure, bila wa kuwadai mahudhurio, na wetu ana mtihani shingoni; atavumilia zaidi. Lakini uvumilivu huo usitudanganye tukamrekodia saa nzima. Mhadhara wa saa nzima una salamu, una kuita majina, una kufuta ubao, una hadithi ya mwalimu ya mwaka 1998. Vitu hivyo vinapendeza ukiwa umekaa mle ndani. Kwenye spika ya simu vinachosha.

Halafu kuna hesabu ya bando, ambayo wanaopanga mambo haya wakiwa kwenye ofisi zenye intaneti ya bure huisahau. Video ya ubora wa wastani, inayokula megabiti 1 kwa sekunde, inafika MB 450 kwa saa. Sauti ya mtu anayezungumza, ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, bado inasikika vizuri kabisa, na saa nzima haifiki MB 15. Kipande changu cha dakika 8 hakifiki MB 2. Kwa mwanachuo anayenunua bando la siku kwa kusita, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kusoma na kutosoma. Na memori kadi ya GB 32, ile ambayo vijana wanajazia singeli, inabeba zaidi ya saa 2,000 za sauti ya namna hiyo. Stashahada nzima ingekaa humo na singeli zikapata pa kulala. Hata mwenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, chenye sehemu ya kadi atasikiliza.

Nasisitiza kadi kwa sababu tumeshaona mtandao unavyotuacha. Mei 2024 huku kusini tulipigwa mara mbili ndani ya siku 10. Kwanza kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, magari yakakwama pande zote mbili. Halafu Mei 12 nyaya za EASSy na SEACOM zilizo chini ya bahari zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Chuo ambacho masomo yake yote yanakaa kwenye tovuti kingekuwa kimefungwa siku hizo bila tangazo. Kadi kwenye mfuko wa bodaboda ingefika Masasi, kwa kuwa njia ya huko ilikuwa inapitika. Kuhusu umeme sitasema mengi. Gesi inachimbwa Mnazi Bay na Songo Songo, na bado mkazi wa huku anajua kuchaji simu yake mapema, kabla haujakatika.

Wazo la kutoa maelezo nje ya kipindi lina historia yake, na sehemu moja ya historia hiyo inatufaa kwa kuwa ilitokea kwenye shule ya mbali na mjini. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walikuwa wakifundisha Woodland Park, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani. Wanafunzi wao walikosa vipindi vingi kwa safari ndefu za michezo. Walimu wakaanza kurekodi masomo kwa ajili ya waliokosa. Kisha wakagundua kwamba hata waliokuwepo wanayatazama, wakajiuliza: kama maelezo yanaweza kusikilizwa nyumbani, sisi darasani tunafanya nini? Wakageuza. Maelezo yakaenda nyumbani, mazoezi na maswali yakaja darasani. Badilisha michezo uweke msimu wa korosho, weka homa, weka kilomita za kutembea, utapata shule ya kutwa yoyote ya Nachingwea.

Sehemu ngumu ya habari yao huwa hatuinukuu. Tunanukuu video. Tunasahau kwamba baada ya kurekodi, Bergmann na Sams walibaki na kipindi kizima mikononi ambacho hakikuwa na mhadhara wa kukijaza, na ilibidi wakijaze kwa kazi. Ukimpa rekodi mwalimu aliyezoea kuandikisha bila kumpa namna nyingine ya kukijaza kipindi, ataandikisha tena, safari hii darasa likiwa limeshasikia. Wanachuo wataacha kuja, na watakuwa na haki.

Hofu ya mahudhurio, basi, naiona kama kipimo cha mwalimu. Kwangu, wiki za mwanzo viti vilipungua kweli. Siku zile nilizoingia nikaanza kurudia nilichokirekodi, nililiona darasa likiinamia simu. Siku niliyoingia na ramani ya pwani isiyo na maandishi, nikawaambia kila watu 4 wachore mishale ya pepo za Julai na za Januari, kisha waeleze kwa nini majahazi ya Kilwa Kisiwani yalisubiri miezi kabla ya kurudi yalikotoka, walibishana hadi nikatoka nje kupunga upepo. Wiki iliyofuata viti vilijaa, na walioendelea kukosa walikuwa walewale wa siku zote.

Scott Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwahi kukusanya tafiti 225 za madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakazichapisha mwaka 2014. Kwenye madarasa ya mhadhara mtupu wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8, kwenye yale ambayo mwanafunzi anafanya jambo, anajibu, anajadili, ulikuwa asilimia 21.8. Hakuna kamera kwenye tofauti hiyo. Tofauti iko kwenye matumizi ya saa.

Mwanachuo naye ana uvivu wake, na rekodi inaweza kuulea. Ataziweka 40 kwenye simu, azizike, azifufue wiki ya mtihani akizikimbiza kwa kasi maradufu akiwa amelala chali. Wapo watafiti wa Marekani walioonyesha mwaka 2021 kwamba wanafunzi wao hawapotezi mengi wakitazama mhadhara kwa kasi ya mara mbili. Nimeona vijana wakijitetea na habari hiyo. Lakini wale walikuwa wanasikiliza Kiingereza walichozaliwa nacho. Wewe uliyerudia mara tatu neno moja kwa kasi ya kawaida unakimbizana na nani? Na hata ukisikiliza taratibu, kusikia tena kuna utamu wa uongo. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi makala fupi. Baadhi waliisoma tena, baadhi wakafunga karatasi na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na wenzao waliojipima asilimia 56. Kwa hiyo siku hizi kila rekodi yangu inaishia na maswali mawili na kimya cha sekunde 20. Mwanzoni walidhani simu imekwama.

Wenzangu wa kufundisha wana hofu nyingine, nayo sithubutu kuidharau. Mmoja aliniuliza waziwazi: nikishakaa kwenye kadi, chuo kitanihitaji mwaka kesho? Kwa anayelipwa kwa saa, swali hilo si la nadharia. Mwingine anaogopa kukatwa sekunde 10 za utani wake zikazunguka WhatsApp hadi zikamfikia mkuu. Anayeanzisha mpango wa kurekodi bila karatasi inayosema rekodi ni ya nani, inakaa muda gani, nani anaruhusiwa kuisikiliza na kama itatumika kumpima mwalimu, anaalika mgomo wa chinichini: watu watarekodi, lakini watarekodi maneno ya kwenye kitabu tu. Nchi ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Vyuo vina wanasheria. Ukurasa mmoja unatosha.

Sheria hiyo ya pili inamgusa na mwanachuo, maana sauti au picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Hapa nina msimamo mkali kuliko wenzangu wengi wanaopenda teknolojia: darasa lisirekodiwe. Mwalimu ajirekodi peke yake, kabla. Ukitundika kamera ukumbini, yule binti wa kitenzi cha kupinda hatafungua mdomo tena, kwa sababu Kiingereza chake kilichovunjika kitahifadhiwa. Maswali mazuri niliyowahi kuulizwa yalianza kwa Kiingereza, yakakwama, yakamalizikia kwa Kiswahili, mengine kwa ishara ya mkono. Kipindi kinatakiwa kiwe mahali pa kukosea bila ushahidi.

Ndiyo maana naitazama Lindi kwa shauku na wasiwasi kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi huko, na ukumbi ukishajengwa ni vigumu kuushawishi uwe kitu kingine. Ukiumwagia zege la ngazi na viti vilivyogandishwa vikitazama mbele, umeshaamua kwamba mtu mmoja ataongea na mamia watanyamaza, hata ukitundika kamera 10. Kama ningeulizwa (sijaulizwa), ningeomba vyumba vya kawaida vyenye meza za kusogezwa, dari inayozuia kelele za mvua, na kando yake vijichumba viwili vitatu vyenye kuta za godoro, betri ya akiba na kipaza sauti, ambamo mwalimu anaingia dakika 20 akatoka na somo. Jirani na hapo, vimbweta chini ya miembe, na soketi.

Wanachuo wangu wako kwenye mazoezi ya kufundisha wiki hizi, wametawanyika wilayani. Yule kijana wa kikohozi yuko shule moja ya Newala, na amenitumia ujumbe kwamba kidato cha kwanza wamemzoea kwa sababu haandikishi. Anawasikilizisha dakika 5 kwa spika ndogo ya kuchaji kisha anawauliza. Nilifurahi, nikamwuliza anatumia sauti ya nani. Akasema yake, ya kwangu aliiacha. Nilipodadisi akanikumbusha jambo ambalo lilikuwa kwenye orodha yake tangu Machi na mimi sikuliona. Yeye ni mtoto wa mvuvi wa Msangamkuu.

"Mwalimu, shikamoo tena. Dakika ya tisa, ile rekodi ndefu ya kwanza, mvua ilipotulia kidogo, umesema Desemba inavuma kusi. Niliisikiliza mara tatu nikidhani ni mabati. Desemba ni kaskazi, Mwalimu. Baba angekutoa na mtumbwi kwa maneno hayo, angekurudisha nani?"